Msitu wa Jiji Una Wenyewe Wangapi?

Bioanuwai ya mjini ni jumla ya mimea, wanyama, ndege, wadudu na kuvu wanaoishi ndani ya mipaka ya mji, pamoja na mahali wanapoishi: msitu uliosalia, kingo za mto, kinamasi, mikoko, makaburi ya zamani, bustani za nyumbani, hata nyufa za kuta. Watu wengi hudhani kwamba viumbe wa porini wako mbali, Mara au Serengeti, na kwamba mjini ni pa binadamu, kunguru na panya. Nairobi inaikanusha dhana hiyo mchana kweupe. Ina mbuga ya taifa yenye simba na vifaru, ina misitu ya asili iliyozungukwa na mitaa, na ina mito inayoshuka kutoka nyanda za Kikuyu na Limuru kuelekea Mto Athi. Ina pia historia ndefu ya kuvigombania vitu hivyo. Ukiifuata historia hiyo, utaona kwamba msitu wa mjini hausimami kwa mvua peke yake. Unasimama kwa sheria, kwa mpango uliochorwa mapema na, zaidi ya yote, kwa mapatano kati ya serikali na watu wanaoishi ukingoni mwake.

Misitu hii haikuachwa kwa ajili ya wanyama. Reli ilipofika Nairobi mwishoni mwa karne ya 19, injini za mvuke zilihitaji kuni na mji mpya ulihitaji mbao. Bustani ya miti ya Nairobi, inayojulikana hadi leo kama Arboretum, ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu ni miti ipi ya kigeni ingekua haraka katika hali ya hewa ya hapa. Mwaka 1932 misitu ya Karura na Ngong Road ikatangazwa katika gazeti rasmi la serikali kuwa hifadhi. Kwa miongo mingi watunzaji wake waliipima kwa mita za ujazo za mbao. Sehemu kubwa ya miti ya asili ilikatwa, na mahali pake pakapandwa mikaratusi na misonobari kutoka Australia na Amerika. Hata hivyo, tangazo lile la 1932 liliweka mpaka wa kisheria, na baadaye mpaka huo ndio uliokuwa silaha ya watetezi wake.

Mpaka wa kisheria, hata hivyo, haujilindi. Msitu wa Ngong Road ulipotangazwa ulikuwa na takriban hekta 2,900. Leo zimebaki kama 1,200. Zilizobaki zimekatwakatwa na barabara, ukiwemo mchepuo wa kusini wa jiji. Hekta zilizopotea hazikutoweka kwa moto wala ukame. Ziligawanywa kwa kalamu: kipande cha shule, kipande cha uwanja wa maonyesho, kipande cha nyumba, na vipande vingine ambavyo umma haukuelezwa vilikwenda wapi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyowasilisha ripoti yake mwaka 2004, ilieleza kwa kirefu jinsi ardhi ya umma nchini Kenya, misitu ikiwemo, ilivyogawiwa watu binafsi kinyume cha sheria.

Karura nusura iende njia hiyo hiyo. Msitu huu wa hekta zipatazo 1,040 uko kaskazini mwa katikati ya jiji, kati ya mitaa ya Muthaiga, Gigiri na Runda, mahali ambapo bei ya ardhi inamtia mtu tamaa hata akiwa amelala. Katika miaka ya 1990 sehemu zake ziligawiwa makampuni binafsi kimyakimya. Mwaka 1998 habari zikavuja kwamba matingatinga yamekwisha kuingia na ujenzi umeanza. Wangari Maathai na vuguvugu la Green Belt, alilolianzisha mwaka 1977, wakaanza kwenda huko na miche mikononi. Tarehe 8 Januari 1999, alipojaribu kupanda mti penye lango la msitu, yeye na wenzake, wakiwemo wabunge, walishambuliwa na kundi la wanaume waliokuwa wakilinda eneo hilo. Maathai alijeruhiwa kichwani. Wiki zilizofuata wanafunzi wa vyuo vikuu waliingia barabarani, na tarehe 16 Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi akatangaza kusimamisha ugawaji wa ardhi ya umma. Miaka mitano baadaye Maathai akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Hapo ndipo masimulizi mengi hukomea, na ni makosa kukomea hapo. Kuuzuia msitu usiuzwe ni kazi moja. Kuufanya uwe mahali panapofaa viumbe na watu ni kazi nyingine, tena ndefu na isiyo na shangwe. Baada ya 1999 Karura ilibaki msitu kweli, lakini msitu wa kuogopwa. Ilijulikana kwa wanyang'anyi, kwa magari ya wizi na kwa maiti zilizotupwa. Mkaazi wa kawaida hakuwa na sababu ya kuingia humo, na kitu ambacho watu hawakifikii hukosa wa kukitetea siku kinapochukuliwa.

Kilichobadili hali ni sheria. Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 iliunda Shirika la Misitu la Kenya, KFS, na kwa mara ya kwanza ikaruhusu wanajamii wanaoishi karibu na msitu kuunda chama kilichosajiliwa na kuomba kushiriki katika usimamizi wake. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 ikaendeleza utaratibu huo. Chama hicho hakimiliki msitu. Mwenye msitu ni umma, na KFS ndiyo mwangalizi wake. Chama kinapata haki na wajibu vilivyoandikwa: kushiriki kuandaa mpango wa usimamizi, kulinda, kupanda, kutoa huduma fulani, na kufaidika na baadhi ya mazao au mapato. Kwa Karura chama hicho ni Friends of Karura Forest, kilichoundwa mwishoni mwa muongo wa 2000. Kikaandaa pamoja na KFS mpango wa kwanza, wa miaka ya 2010 hadi 2014. Uzio wa umeme ukajengwa kuuzunguka msitu kwa michango ya wafadhili, na mwaka 2011 milango ikafunguliwa kwa umma.

Uzio ulizua mabishano, na mabishano hayo yana uzito. Ukuta wowote katika jiji lenye tofauti kubwa za kipato unauliza nani anafungiwa nje. Karibu na mitaa ya kifahari inayopakana na Karura kuna kijiji cha Huruma, makazi ya watu wa kipato cha chini ambao kwa miaka mingi walitegemea msitu kwa kuni. Kama mpango ungeandikwa na wakaazi wa Runda na Muthaiga peke yao, Huruma wangekuwa wahalifu wa kwanza kukamatwa. Badala yake wakaazi wake waliingizwa katika chama, baadhi wakaajiriwa kuwa askari wa doria na wafanyakazi wa vitalu vya miche, na utaratibu wa kuokota kuni zilizoanguka ukawekwa. Mtu aliyekuwa akiingia usiku na panga sasa anaingia asubuhi kwa mshahara. Si kila jirani aliyeridhika, wala ajira hazikutosha wote. Hata hivyo, ulinzi unaofanywa na watu wanaozijua njia zote za panya ni ulinzi ambao serikali isingeweza kuununua.

Kiingilio nacho ni sehemu ya mpango. Kwa miaka mingi raia mtu mzima alilipa takriban shilingi 100, bei ya kikombe cha chai katika mgahawa wa kawaida wa jiji, na maelfu wakaanza kufika kila wikendi kutembea, kukimbia, kuendesha baiskeli na kuangalia maporomoko ya maji na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Fedha hizo zililipa askari, zikatengeneza njia na kununua miche. Kwa familia ya watoto watano kutoka mtaa wa mabanda wa Mathare, shilingi 100 kwa kila mzazi pamoja na nauli bado ilikuwa hesabu. Hili ni suala ambalo mipango mingi ya hifadhi za mijini hulipita kwa haraka: msitu unaojitegemea kifedha huelekea kuwapendelea wanaoweza kulipa.

Mimea asili inarudi polepole

Ndani ya uzio kazi ya kisayansi ndiyo ngumu zaidi kuieleza kwa umma. Lengo kuu la mpango wa Karura ni kuondoa miti ya kigeni hatua kwa hatua na kurudisha ya asili: muhugu, mukinduri, muthiga, muiri, mutamaiyu, mikuyu. Kwa mgeni anayepita, mti ni mti. Akikuta mkaratusi wa miaka 50 umelala chini hupiga picha na kulalamika kwamba msitu unaibwa, na kwa kuzingatia yaliyopita huwezi kumlaumu. Lakini mkaratusi hunywa maji mengi, majani yake huoza polepole, na chini yake huota mimea michache. Ndege anayekula matunda ya mkuyu hana chakula kwenye mkaratusi. Adui mwingine ni vichaka vya lantana, mmea wa maua mazuri ulioletwa kutoka Amerika kama pambo la bustani. Ukiachwa unafunika ardhi yote na kuzizuia mbegu za miti ya asili kuchomoza. Kuung'oa ni kazi ya mikono, inayorudiwa msimu baada ya msimu, na ndiyo kazi inayopewa vijana na wanawake wa vijiji vya jirani.

Matokeo yanaonekana. Paa, funo na pongo wapo. Kima wamejaa, kiasi kwamba wageni huonywa wasiwalishe. Kati ya 2014 na 2016 mbega zaidi ya 100 waliletwa kutoka Kipipiri, Nyandarua, ambako misitu midogo walimoishi ilikuwa ikikatwa na wakulima walikuwa wakiwafukuza mashambani. Mbega huishi kwa familia na hula zaidi majani, kwa hiyo walihamishwa familia nzima kwa pamoja, na mahali walipoachiliwa palichaguliwa kwa kuangalia kwanza miti ya chakula chao. Huo ni mfano mzuri wa mpango unaotangulia kitendo: bila miaka ya kurudisha miti ya asili, mbega wangeletwa kufa njaa.

Mnyama asiyejua mpaka

Uzio unaofaa Karura usingefaa upande wa pili wa jiji. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946 ikiwa ya kwanza nchini Kenya, ina ukubwa wa kilomita za mraba 117 tu. Upande wa mjini imezungushiwa uzio. Upande wa kusini iko wazi, ng'ambo ya Mto Mbagathi, kuelekea nyanda za Kitengela na Athi-Kaputiei. Kihistoria nyumbu na pundamilia walitoka mbugani mvua zinapoanza, wakatawanyika nyandani, kisha wakarudi wakati wa kiangazi kufuata maji. Ardhi hiyo ya kusini si ya serikali. Ni ya familia, nyingi za Wamaasai, na tangu ranchi za pamoja zigawanywe katika miaka ya 1980 kila familia ina hati yake na uhuru wa kuuza.

Jiji likapanuka, viwanja vikauzwa, nyua zikajengwa, machimbo ya mawe yakafunguliwa. Nyumbu waliohesabiwa kwa makumi ya maelfu katika miaka ya 1970 wamepungua hadi maelfu machache. Hapa hakuna askari anayeweza kumkamata mtu kwa kosa la kujenga uzio kwenye shamba lake mwenyewe. Ilibidi kutafuta mapatano ya aina nyingine. Kuanzia mwaka 2000 mashirika ya uhifadhi yaliwalipa wenye ardhi dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasijenge nyua, wasichimbe mawe, wasiuze vipande vidogovidogo na wawaache wanyamapori wapite na kulisha. Malipo yaligawanywa mara tatu kwa mwaka, yakifuata mihula ya shule, kwa sababu karo ndiyo iliyokuwa ikiwalazimisha wazazi wengi kuuza ardhi. Aliyebuni ratiba hiyo aliwajua watu wake.

Udhaifu wake ulikuwa kwenye chanzo cha fedha. Wafadhili walipokuja malipo yaliongezeka, walipoondoka yakakatika, na dola 4 haziwezi kushindana na bei ya kiwanja karibu na lami. Ndiyo maana wenye ardhi na baraza la wilaya la wakati huo walikwenda hatua ya pili, wakaandaa mpango wa matumizi ya ardhi wa Kitengela, Isinya na Kipeto. Mpango huo ulitenga maeneo ya makazi na biashara kando ya barabara kuu, na maeneo ya ufugaji na wanyamapori ambako ardhi isingegawanywa chini ya ukubwa fulani. Wenyeji waliuunga mkono si kwa mapenzi ya nyumbu tu. Mfugaji naye anahitaji nyanda zisizo na nyua kwa ng'ombe wake. Maslahi mawili yalikutana. Utekelezaji umeyumba, maana mpango wa ardhi una nguvu sawa na ile ya afisa anayekataa kutia saini kibali kinachoukiuka. Reli mpya ya kisasa (SGR) nayo ilipitishwa juu ya nguzo katikati ya mbuga, licha ya kesi na maandamano.

Simba wana hesabu yao pia. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe watatu usiku mmoja hashawishiki kwa hotuba kuhusu utalii. Kijana wa Kitengela, Richard Turere, alipata kujulikana duniani mwaka 2013 kwa kubuni taa ndogo zinazomulika kwa kupokezana kuzunguka boma, zikiwafanya simba wadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Ubunifu huo haukutoka kwenye warsha yoyote. Ulitoka kwa mtoto aliyepewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa baba yake.

Nani anasimamia nini

Tatizo kubwa la mipango ya bioanuwai ya mjini ni kwamba viumbe huishi katika mfumo mmoja ilhali ofisi ziko nyingi. Nairobi, msitu uko chini ya KFS, wanyamapori chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, maji ya mto chini ya mamlaka ya rasilimali za maji, uchafuzi chini ya mamlaka ya mazingira, NEMA, bustani za umma, takataka na vibali vya ujenzi chini ya serikali ya kaunti, na barabara chini ya mamlaka zake. Mto mmoja unaweza kutoka safi ndani ya Karura na kuharibika kabla haujafika Mathare bila ofisi yoyote kuvunja mpaka wake wa kazi. Katiba ya 2010 inaitaka dola ihimize ushiriki wa umma katika kutunza mazingira, na sheria za mipango ya miji zinadai wananchi washirikishwe. Mara nyingi ushirikishwaji huo huwa kikao cha asubuhi moja, tangazo dogo gazetini na orodha ya mahudhurio. Mpango wa Jiji la Nairobi uliokamilika mwaka 2014 kwa msaada wa Japani, ukilenga 2030, una ramani za maeneo ya kijani. Lakini ramani hiyo na vibali vya ujenzi vinavyotolewa kila wiki ni vitu viwili ambavyo havikutani mara nyingi kama inavyostahili.

Kwa upande wa pwani, Dar es Salaam ilijaribu njia nyingine katika Bonde la Msimbazi. Mto huo unatoka upande wa Pugu, unapita katikati ya jiji na kumwaga maji baharini kwenye mikoko karibu na Daraja la Salander. Baada ya mafuriko ya kila mara katika eneo la bondeni la Jangwani, mwaka 2018 wahandisi, wataalamu wa mipango, maafisa wa manispaa na wakaazi walikaa pamoja katika mfululizo wa vikao kuchora upya bonde zima, badala ya kila idara kuchora kipande chake. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa ajili ya mradi huo. Shabaha yake ya kwanza ni mafuriko, na bioanuwai imeingia kama mshirika wa hesabu: sehemu ya chini ya bonde imekusudiwa kuwa bustani ya jiji inayopokea maji ya mvua, na mikoko inachukuliwa kuwa kinga. Mahali pagumu ni pale pale pa Huruma, yaani watu wa kipato kidogo ndio wanaoishi panapotakiwa kurudishwa kwa mto, na haki ya fidia yao ndiyo itakayoamua kama bustani hiyo itapendwa au itachukiwa.

Wataalamu hupendekeza kuanza na orodha: viumbe gani wapo, wapi, kwa wingi gani, na njia zipi zinaunganisha makazi yao. Jiji la Singapore lilipendekeza mwaka 2008 faharasa ya kupima bioanuwai za miji, ambayo sasa inatumiwa na miji mingi. Inahesabu spishi za asili, maeneo ya asili na jinsi yanavyoungana, lakini pia inatoa alama kwa bajeti, sheria na ubia. Makubaliano ya Kunming na Montreal ya Desemba 2022 nayo yanazitaka nchi ziongeze ukubwa na ubora wa maeneo ya kijani na ya maji mijini. Nairobi ina deni la pekee hapa, maana matini ya Mkataba wa Bioanuwai wenyewe ilipitishwa jijini humo tarehe 22 Mei 1992. Kazi ya kuhesabu inaweza kufanywa na wananchi. Nature Kenya, jumuiya iliyoanza mwaka 1909, imekuwa ikiwapeleka wanachama wake kuhesabu ndege asubuhi za Jumatano katika viunga vya Nairobi kwa miaka mingi, na kumbukumbu za namna hiyo humwonyesha mpangaji nini kimetoweka kabla hajachora barabara.

Hata penye sheria, mpango na wabia, mvutano haukomi. Mwaka 2024 ilifahamika kwamba takriban ekari 51 za Karura zinatakiwa kwa ajili ya kupanua Barabara ya Kiambu. Vuguvugu la Green Belt likaenda mahakamani, na Mahakama ya Mazingira na Ardhi ikausimamisha mpango huo. Tofauti na 1999 iko wazi: safari hii hoja zilikuwa kifungu cha sheria na ramani ya mpango wa usimamizi, na watetezi walikuwa maelfu ya watu waliowahi kukimbia au kusukuma baiskeli humo ndani. Mwezi Agosti 2025 mzozo mwingine ukazuka, na huu ulikuwa kati ya wabia wenyewe. KFS iliagiza malipo yote ya kiingilio yaende moja kwa moja kwenye mfumo wa serikali wa eCitizen. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba mapato ya mali ya umma hukusanywa kwa njia moja iliyo wazi kwa ukaguzi. Hoja ya wapinzani ilikuwa kwamba fedha zikishaingia kwenye mfuko mkubwa, mshahara wa askari wa Huruma na bei ya miche vitasubiri foleni ya hazina, na kwamba chama kinachobaki na wajibu bila fedha kimegeuzwa kibarua. Pande zote mbili zilinukuu makubaliano yale yale ya ubia, kila upande ukisoma vifungu vyake, na suala hilo likafikishwa mahakamani.